Dakika Zake Zote Zimehesabiwa

Shangazi yangu hahesabu watu. Karani wa sensa alipofika nyumbani kwake Msambweni akauliza ni watu wangapi walilala humo usiku uliopita, alimjibu, "Tupo, alhamdulillahi," akaendelea kushona makuti yake. Karani akarudia swali. Shangazi akamkaribisha chai. Mwishowe karani ilimbidi azunguke ua mwenyewe akichungulia vichwa kimyakimya, na alipotoka tu shangazi aliingia ndani kufukiza ubani. Mtoto wa watu hahesabiwi kama nazi. Na ukimsifu bila kusema Mashallah, shangazi atakukazia macho mpaka uiseme.

Mimi ni mtangazaji wa michezo, kwa hiyo utaona tulivyokuwa tumepangiwa kugombana.

Kituo chetu cha redio kipo Ukunda, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Jumamosi alasiri natangaza mechi za ligi yetu ya huku kusini, timu za Diani, Kombani, Msambweni, Kinango na kwingineko. Kwa miaka mingi kazi hiyo niliifanya kwa macho na mdomo. Niliona, nikasema. Nikisema winga fulani anakimbia kama aliyemwagiwa maji ya moto, msikilizaji wa Lunga Lunga alimwona pale alipoketi, na Jumapili watu walinipigia simu kubishana nami kana kwamba sote tulikuwa uwanjani. Mwanamke kutangaza mpira kulinipa maadui wa kutosha mwanzoni, lakini hao nilishawanyamazisha. Sikuwa mtu wa kufundishwa kazi.

Kisha akaletwa mhariri mpya wa michezo kutoka Nairobi. Kijana mzuri, mcheshi, ila shikamoo aliiona mzigo. Wazee wa Ukunda aliwasalimia kwa "Sasa!" huku akitabasamu, nao wakamsamehe kwa ajili ya lile tabasamu. Alikuja na tableti. Siku ya kwanza aliketi mbele yangu akaiweka mezani.

"Manze, watu wamechoka na hadithi," aliniambia. "Unasema huyu winga ni mkali. Mkali kivipi? Tuwapatie data."

"Mimi nimemwona kwa macho yangu."

"Macho hudanganya, dadangu."

Neno lile lilinikera vibaya. Nililibeba kifuani wiki nzima, nikamsimulia kila aliyekubali kunisikiliza, na leo bado nalikumbuka kuliko mambo mengi aliyowahi kuniambia.

Basi tukaanza. Mimi nikitangaza, yeye aliketi kando yangu kwenye benchi la uwanjani, na kila mpira ulipoguswa alibonyeza. Pasi, shuti, kona, mpira uliopokonywa, ulitoka upande gani, uliingia upande gani. Jumatatu tableti ilitoa michoro yenye vidoti vya rangi, naye akaniandikia ya kusoma hewani. Nilisoma nimekunja uso, ingawa redioni haukuonekana.

Lakini nitasema ukweli, nambari zilinipendeza kabla sijakubali kwamba zinanipendeza. Kulikuwa na kiungo mmoja wa Kombani, mtu mkimya, hajawahi kufunga, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nikimtaja akikosea tu. Kumbe ndiye aliyekuwa akipokonya mipira mingi kuliko wote. Nilipolisoma hilo hewani, ndugu zake walinipigia simu wakishangilia kama waliorudishiwa haki yao. Nikaona aibu kidogo, nikaanza kuitazama ile tableti kwa jicho jingine.

Wasikilizaji waligawanyika. Mhudumu mmoja wa hoteli kule Galu alizipenda takwimu zetu kupita kiasi. Wenzake kazini hushabikia timu za Ulaya na kumtambia kwa tarakimu, sasa na yeye alikuwa na za kwao nyumbani. Mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kinango alipiga simu kusema kwamba hatuelewi. Kwake yeye mchezaji ni wa kutazamwa anavyotembea akichoka, na kitu hicho hakina nambari. Mwalimu mmoja aliomba tuzisome polepole ili aandike.

Kisha akapiga mzee wa Kombani, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kwa sauti ya upole, "Nambie mwanangu, siku hizi huko redioni mwapiga bao?"

Mhariri wangu aliinamia maikrofoni kwa furaha. "Eeh mzee! Wiki hii tumepiga mabao mengi sana!"

Mzee akakata simu. Nilicheka mpaka tukalazimika kuweka wimbo. Kwetu mchezaji hufunga bao. Kupiga bao ni kazi ya mganga, anapotandaza mchanga wake ubaoni asome yatakayokupata. Mhariri alikuwa amemthibitishia mzee, mbele ya wasikilizaji wote wa kusini, kwamba kituo kizima tumegeuka waganga. Nilipomweleza alicheka na yeye, lakini kicheko changu kilikuwa kimeshaanza kuisha. Mzee hakuwa akitania. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi tuliokaa studio hatukukiona.

Kwa sababu simu zilibadilika. Hakuna tena aliyetaka kubishana juu ya mechi ya jana. Waliuliza ya kesho. Nani atafunga, kipindi gani, upande gani? Vijana wa bodaboda pale stendi ya Kombani walikuwa wakiwekeana dau kwa michoro yetu, na walioliwa walinisimamisha njiani wakitaka maelezo, wengine bila salamu. Mhariri aliziita nambari zake kumbukumbu. Waliozisikiliza walizichukua kama ahadi. Sikupenda jinsi watu walivyokuwa wakinitazama sokoni, kama mtu anayejua jambo na kulificha.

Hapo ndipo nimlete binamu yangu. Ni mwana wa shangazi, yule asiyehesabu watu, na alikuwa kipa wa timu ya Msambweni. Kipa hasa, Mashallah. Timu moja kubwa ya Mombasa ilikuwa imemwambia aje kwa majaribio ligi ikimalizika, na nyumba nzima iliishi kwa neno hilo. Shangazi alishona makuti ya kuezekea mabanda ya mahoteli ya Diani huku akizungumza na ukuti kuhusu Mombasa. Binamu yangu hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

Jumamosi moja mhariri alinipa karatasi ya kusoma kabla ya mechi. Alitaka kujigamba kwamba sasa rekodi ya yule kipa imekamilika, hakuna dakika hata moja aliyocheza ambayo haimo kwenye tableti. Nikasoma kama ilivyoandikwa: "Mlinda lango wa Msambweni, dakika zake zote zimehesabiwa."

Niliisikia ikitoka mdomoni na sikuweza kuirudisha. Kila anayejua Kiswahili anajua husemwa juu ya nani kwamba siku zake zimehesabiwa. Huyo kaburi lake linachimbwa.

Shangazi alipiga kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Hakusalimia, na shangazi hata akigombana husalimia.

"Nani kakutuma?"

"Shangazi, ni takwimu tu, ni—"

"Wamhesabu mwanangu mbele ya watu wote, na Mashallah hukusema."

Nikamwambia ni maneno ya kazi. Akaniambia kazi hiyo nimuombe Mungu anitoe humo salama, akakata simu. Nilikasirika. Mimi nilisoma mpaka chuo, sina imani na mambo ya kijicho, na nilijiambia hivyo mara nyingi mno siku ile.

Mechi ya wiki iliyofuata binamu yangu alifungwa kwa shuti la kushoto kwake ambalo mwanzoni mwa msimu angelidaka akipiga miayo. Mechi nyingine tena, kushoto. Kwenye mchoro wa Jumatatu vidoti vyekundu vya mabao aliyofungwa vilikuwa vimeanza kukusanyika upande mmoja wa lango kama sisimizi waliopata sukari. Mhariri alifurahi, si kwa ubaya, alifurahi kama mtu aliyepata habari. "Cheki hii," alisema. "Anaisha upande wa kushoto. Hakuna mtu ameona hii kitu, ni sisi tu."

Tukaitangaza. Nikaisoma mimi mwenyewe. Ilikuwa habari, na ilikuwa kweli.

Kuanzia hapo kila timu iliyocheza na Msambweni ilipiga kushoto. Mashabiki wa upande wa pili waliimba neno hilo, kushoto, kushoto, polepole kwa kupiga makofi, na binamu yangu akasimama golini akiusikia wimbo wa jina la udhaifu wake. Vidoti viliongezeka. Kisha msikilizaji mmoja akapiga simu, hakutaja anakotoka, akasema kipa mzuri hawi mbaya upande mmoja tu. Mtu akiharibikiwa huharibikiwa pande zote. Huyu anaacha kwa makusudi. Huyu ameuza mechi.

Nilimkata hewani, nikamjibu kwa hasira, na hasira yangu ikawathibitishia. "Si binamu yake?" wakaulizana. Wiki hiyo neno lilitembea kutoka Ukunda hadi Kinango. Waliopoteza dau zao sasa walikuwa na mtu wa kumdai. Ukutani pa shangazi mtu alichora lango kwa mkaa, na upande wa kushoto akaliacha wazi bila mlingoti. Shangazi alilifuta kwa maji na majivu, lakini alama ilibaki.

Nilikwenda kumtazama binamu yangu alasiri moja katikati ya wiki. Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anampangia mama yake makuti yaliyoshonwa. Nilimmiminia chai, nikampelekea kikombe kutoka upande wake wa kushoto. Hakukipokea. Nikabaki nimekishika hewani karibu na bega lake, yeye akiendelea kucheka jambo alilosema mama yake, kisha akageuka na kiwiko chake kikakipiga kikombe, chai yote ikanimwagikia.

"Ah, dada! Umetokea wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale muda wote. Akageuza kichwa kizima kunitafuta, kama kuku anavyogeuza shingo akitazama punje. Sikuipangusa chai, ingawa ilikuwa bado ya moto mguuni.

Shangazi alipoingia ndani kuswali, nilijongea mbele yake. "Funika jicho la kulia."

"Kwa nini?"

"Lifunike tu."

Akalifunika kwa kiganja. Nikainua mkono mtupu. "Nimeshika nini?"

"Kikombe," akasema.

Kutoka ndani nilimsikia shangazi akiinuka na kusujudu. Binamu yangu aliondoa kiganja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba lilianza kama moshi pembeni, Ramadhani iliyopita, akadhani ni swaumu. Haliumi. Kila wiki moshi unasogea. Babu yetu alikufa kipofu na sote tulisema ni uzee.

"Twende hospitali kesho."

"Mechi imebaki moja, dada. Niicheze, niende Mombasa, wakishanichukua nitatafuta daktari."

"Watu wanasema umeuza mechi. Wanaweza kukudhuru."

"Nawasikia. Afadhali waseme nimeuza. Aliyeuza hufungiwa, halafu hurudi uwanjani. Kipofu harudi." Akanishika mkono, akaukosa kwanza, kisha akaupata. "Nyamaza. Nakuomba."

Sikumwahidi, wala sikumkatalia.

Kesho yake nilimwomba mhariri tusitangaze mchoro wa kipa kabla ya mechi ya mwisho. Akaniuliza sababu. Sikuwa na ya kumpa. Akanitazama kwa huruma, bila tabasamu safari hii.

"Ukificha namba za cousin yako, nani atakuamini tena? Juzi ulisoma za wengine wote."

Nilitaka kumtukana, na tusi lilikuwa tayari. Nikakosa pa kulipeleka, kwa kuwa alisema kweli. Nikausoma mchoro. Nikasema kushoto, hewani, kwa sauti yangu ya kazi.

Mechi ilikuwa Msambweni, dhidi ya Kinango, na Msambweni walihitaji sare tu kuchukua kombe. Nilifika mapema na sikuupenda uwanja. Mashabiki wa nyumbani kwa kawaida hukaa karibu na kivuli, upande wa jukwaa dogo la wageni. Siku hiyo walikuwa wamejipanga nyuma ya lango la binamu yangu, upande mmoja, na hawakuimba. Wengi walikuwa na redio ndogo au simu masikioni, maana huku kwetu mtu huja uwanjani na bado akasikiliza matangazo, aambiwe anachokiona. Nilipojaribu maikrofoni, sauti yangu ilinirudia kutoka kila upande wa uwanja, imechelewa kidogo, kama mwanamke mwingine ananifuata akirudia maneno yangu.

Binamu yangu aligusa mlingoti wa kulia, akatembea akihesabu hatua kwa midomo hadi wa kushoto, akaugusa. Nilielewa anachofanya. Nadhani nilikuwa peke yangu.

Alicheza vizuri, nisimnyime haki yake. Kipindi cha kwanza alitoka golini kila mara ili mpira uwe mbele ya jicho lake zima, nami niliutangaza ujasiri wake. Mhariri alibonyeza. Kipindi cha pili, mashabiki wakiwa wamehamia nyuma ya lango lake jipya, kilikaribia kuisha bila bao, nikaanza kuamini kwamba Mungu ameamua kutuachia. Ndipo Kinango wakapata mpira wa kutengwa upande ule wa kushoto, na winga wao akaupiga chini, taratibu, mpira ambao mtoto angeusimamisha kwa mguu. Ukapita kando ya kipa wetu. Yeye alikuwa amesimama wima, ametazama mbele, anausubiri. Ulipotikisa wavu nyuma yake ndipo akashtuka.

Kila mtu aliona kwamba hakusogea hata kidole.

Mtu mmoja nyuma ya lango akasema, hata hakupiga kelele, "Mwizi."

Neno hilo huku kwetu si tusi. Likishatamkwa na mmoja, huwa linatafuta wa kulirudia, na likiwapata, mtu hufa. Likarudiwa. Kamba iliyozungushwa uwanja ikakanyagwa, wakaanza kuingia uwanjani, kwanza wakitembea, na nikaona jiwe mkononi mwa mtu ninayemjua, mtu aliyenifundisha madrasa. Refa alikuwa mbali. Binamu yangu aligeuza kichwa kulia, akawaona wachache tu. Wengi walikuwa wakija kutoka kushoto.

"Haoni," nikasema hewani. "Jicho la kushoto halioni. Sikilizeni, hajauza kitu, ni kipofu upande huo, haoni!"

Na sauti yangu ikarudi. Kutoka mifukoni mwao, masikioni mwao, kutoka redio iliyoachwa juu ya jiwe, yule mwanamke wa pili akarudia uwanja mzima: haoni, haoni. Walioshika simu walisimama kwanza. Wengine wakawagonga kwa nyuma, nao wakasimama. Mwalimu wangu wa madrasa alilitazama jiwe lake kana kwamba mtu amempa alishike kwa muda, akaliweka chini.

Binamu yangu naye alikuwa amelisikia. Alivua glavu moja, halafu ya pili, akaziweka ndani ya lango upande wa kulia.

Watu huniuliza kama najuta. Sijuti, yuko hai. Nina hasira tu, na sijui nimkasirikie nani. Mombasa hawakupiga simu. Mhariri aliniambia hatujawahi kupata wasikilizaji wengi kama siku ile, kisha akajisikia vibaya, akaizima tableti na kukaa nayo mapajani.

Tulimpeleka hospitali, mimi na shangazi. Daktari alipima presha ya macho yote mawili, akataja nambari ya kushoto, kisha ya kulia, akaeleza kwa maneno ya kidaktari kwamba kuna dawa ya matone na itabidi aje kila mwezi. Shangazi hakumtazama daktari. Alinigeukia mimi.

"Zasemaje hizo nambari? Si wewe ndiye mjuzi wa hesabu?"

Nikamwambia. La kushoto limekwisha. La kulia limeanza. Kila mwezi watalipima, waone linakwenda kwa kasi gani.

"Watalihesabu mpaka lini?"

Binamu yangu alikuwa ameketi kati yetu, mimi nikiwa kushoto kwake. Akageuza kichwa kizima, akanitafuta mpaka akanipata kwa jicho lililobaki.

"Sema Mashallah basi, dada," akasema.

Nikaisema.